Shajara ya kijitabu: William Hoy, mchezaji wa uwanja wa nje

11 Januari

Mpangilio wa kijitabu umepatikana. Kurasa 32, nusu maandishi na nusu michoro, kuhusu William Ellsworth Hoy, aliyecheza besiboli katika ligi kuu za Marekani kuanzia 1888 hadi 1902 bila kusikia sauti hata moja. Tunawaandikia vijana wanaosoma Kiswahili, viziwi na wanaosikia, na nachukulia kwamba wengi wao hawajawahi kutazama mechi ya besiboli. Mimi naandika nikiwa Columbus, Ohio. Mchoraji yuko Mombasa. Yeye ni kiziwi, mimi nasikia, basi tumekubaliana kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa: likitokea suala lolote la maisha ya kutosikia, neno la mwisho ni lake.

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini nisimwandike Babe Ruth, nyota maarufu wa besiboli. Ruth ameandikwa vya kutosha. Hoy alicheza mechi 1,796 za ligi kuu, akapata mapigo zaidi ya 2,000, akaiba besi karibu 600, na alipoondoka hapakuwa na mtu aliyewahi kucheza mechi nyingi kuliko yeye katika nafasi ya kati ya uwanja wa nje. Hata hivyo hayumo katika jumba la heshima la besiboli kule Cooperstown, na wanaomkumbuka humkumbuka kwa kisa kimoja cha ishara za mikono za waamuzi. Kisa hicho kitanisumbua mbele ya safari, naona kabisa.

Kazi ya wiki hii ilikuwa kuamua maneno. Mtupaji, mpigaji, mdakaji, mwamuzi, gongo, besi. Mrusho halali ambao mpigaji ameushindwa au ameuachia ni straiki. Mrusho uliotoka nje ya eneo halali, mpigaji akauachia, ni boli. Sitatunga istilahi mpya zaidi ya hapo.

18 Januari

Sura ya utoto imekwisha, nayo ni fupi kwa makusudi. Hoy alizaliwa 23 Mei 1862 katika kijiji cha wakulima cha Houcktown, kaskazini magharibi mwa Ohio, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vinaendelea. Alipokuwa na umri wa kama miaka mitatu akaugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, masikio hayakupona. Wazazi wakampeleka shule ya viziwi ya jimbo, hapa hapa Columbus, na mwaka 1879 akamaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Mchoraji alitaka nieleze jambo moja ambalo mimi ningelipita. Mwaka 1880, baada tu ya Hoy kuhitimu, walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba lugha ya ishara iondolewe madarasani na watoto wafundishwe kutamka kwa mdomo. Athari zake zilidumu vizazi. Hoy alikuwa ameshapata elimu yake kwa mikono na kwa kalamu. "Kaka, weka hilo," aliniandikia, "maana mtoto kiziwi atakayesoma atajiuliza huyu bwana alifundishwaje." Limewekwa, aya moja.

Alirudi kijijini na ufundi wa viatu akafungua duka. Kiangazi kilikuwa kibaya kwa biashara hiyo kwa sababu watu wa shamba walitembea pekupeku, hivyo alitoka nje akacheza mpira na vijana barabarani. Mpita njia mmoja alimwona akidaka na kupiga, na kutoka hapo akaanza kualikwa kwenye mechi za vijiji vya jirani. Nimempa mchoraji picha ya duka: kiatu kimoja kwenye kalibu, mlango wazi, gongo limeegemezwa ukutani. Anasema gongo la miaka ile lilikuwa nene kwenye mpini kuliko la sasa, naye ana haki. Nimemtafutia picha za wakati huo.

1 Februari

Leo ni ukurasa mgumu: kumweleza msomaji wa Mombasa au Mwanza uwanja wa nje ni nini.

Besi ziko nne, pamoja na ile ya nyumbani, zimepangwa mraba, futi 90 kati ya moja na nyingine, yaani kama mita 27. Mtupaji anarusha, mpigaji anapiga na kukimbia. Akizizunguka zote akarudi nyumbani, timu yake imepata alama. Mrabani na pembezoni mwake wamejipanga walinzi wa ndani. Nyuma yao kuna nyasi pana, na nyasi zote hizo zinalindwa na watu watatu tu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Hoy alikuwa wa kati.

Nimemlinganisha na golikipa anayetoka langoni kufuata krosi. Mpira uko juu, watu wawili watatu wanaukimbilia wakitazama mawinguni, na lazima mmoja aseme ni wake. Golikipa hupiga kelele, mabeki wakampisha. Katika besiboli ni vilevile, na wa kati ndiye mwenye kauli kwa sababu eneo lake ni kubwa na anaona pande zote. Wasipoelewana, wanagongana kwa kasi yote waliyo nayo. Juu ya hayo, wachezaji wa nje hupata habari kwa sikio kabla ya jicho: mlio wa gongo huwaambia kama mpira umepigwa sawasawa au umepigwa pembeni.

Sasa mweke hapo mtu asiyesikia mlio wala mwito. Nilipofika hapa nilikuwa nimeandika sentensi ya kusifu ujasiri. Nimeifuta, kwa sababu Hoy mwenyewe alilimaliza suala hilo kwa namna ya kikazi zaidi. Alipojiunga na Washington mwaka 1888 aliwaandikia wenzake tangazo akalibandika kwenye chumba cha wachezaji. Kwa muhtasari alisema hivi: mimi ni kiziwi kabisa kama mjuavyo, na baadhi yenu hamjazoea uchezaji wangu, basi tuelewane ili tusigongane. Nikiufuata mpira wa juu nitapiga kelele kwamba ni wangu, nanyi mniachie. Msiponisikia, jueni siufuati, fanyeni mnavyoona.

Kiziwi ndiye anayepiga kelele, wanaosikia ndio wenye kazi ya kusikiliza! Hakuomba wenzake wamchunge. Aligawa majukumu, na kila upande ukapewa lile uliloliweza. Mchoraji alipolisoma alinitumia emoji za kucheka mstari mzima, kisha akauliza kama tunaweza kulipa tangazo hilo ukurasa wake peke yake, limechorwa kama karatasi iliyopigiliwa misumari. Ndiyo, tunaweza.

8 Februari

Oshkosh, Wisconsin, 1886 na 1887. Ukurasa mmoja unatosha. Ilikuwa timu ya ligi ndogo ya kaskazini magharibi, na huko ndiko Hoy alikoanza kulipwa kwa mpira. Msimu wa kwanza ulimwendea vibaya kwenye gongo: wastani wa .219, yaani mapigo kama 22 katika kila majaribio 100. Alikuwa akigeuza kichwa kumtazama mwamuzi ajue kama mrusho uliopita ni straiki au boli, na watupaji wakagundua. Kabla hajajiweka sawa walikuwa wameshatupa mwingine.

Msimu wa pili wastani wake ulipanda sana na Oshkosh wakatwaa ubingwa chini ya meneja Frank Selee. Tarakimu ya 1887 nimeiacha nje. Kanuni za mwaka huo, mwaka huo mmoja tu, zilihesabu boli zilizompeleka mpigaji besi ya kwanza (boli zikifika idadi fulani huenda bure, bila kupiga) kana kwamba ni mapigo, na kila wastani wa 1887 unahitaji maelezo ya aya nzima. Kijitabu hakina nafasi hiyo.

Kilichobadilika kati ya misimu hiyo miwili nitakirudia kwenye ukurasa wa ishara, maana hapo ndipo mzizi wa ubishi wote ulipo.

17 Februari

Nimekamilisha 1888. Washington walikuwa timu mbovu, walimaliza wa mwisho mwaka huo na mwaka uliofuata. Katika timu hiyo mgeni mfupi wa futi tano na inchi chache, mwenye umri wa miaka 26, aliongoza ligi nzima kwa kuiba besi: 82.

Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, mtupaji akiwa ameshikwa na shughuli zake. Ni kazi ya macho na miguu. Unamsoma mtupaji bega, goti, uzito umekaa mguu upi. Naweza kukubali kwamba Hoy hapo hakupungukiwa na kitu. Mchoraji anasema alizidi, na kwamba kiziwi yeyote aliyekulia sokoni Kongowea anasoma mabega ya watu tangu utotoni. Sitabishana naye kuhusu Kongowea.

Tahadhari moja ya hesabu, nayo nimeiweka kwa herufi ndogo chini ya mchoro. Hadi 1897 mkimbiaji aliyechukua besi ya ziada juu ya pigo la mwenzake aliweza kuhesabiwa wizi. Kwa hiyo 82 za 1888 hazilingani sawasawa na 82 za leo. Lakini wapinzani wake walihesabiwa kwa kanuni hiyohiyo, na yeye ndiye aliyewaongoza.

26 Februari

Ujumbe wa mchoraji, asubuhi: "Kaka, nimepitia kurasa zote ulizotuma. Karibu kila mahali kuna mtu anamsaidia Hoy au anamhurumia. Yeye alifanya nini uwanjani? Nataka kumchora akifanya."

Jibu liko tarehe 19 Juni 1889. Washington dhidi ya Indianapolis. Katika mechi hiyo moja, Hoy akiwa uwanja wa nje, aliwatoa wakimbiaji watatu kwenye besi ya nyumbani kwa kurusha mpira kutoka alikokuwa. Ni jambo ambalo wachezaji wachache sana wamewahi kulifanya tangu besiboli ianze. Aliyekuwa akidaka nyumbani ni Connie Mack, kijana mrefu mwembamba ambaye baadaye angeiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka 50.

Nimeipa mechi hii kurasa nne, na nimeomba zichorwe kutoka juu, kama ramani. Jambo lenyewe ni hesabu ya umbali na muda. Mkimbiaji yuko besi ya tatu au anaizunguka. Amebakiwa na mita 27 kwenda nyumbani na tayari ana mwendo. Mpira uko mikononi mwa mtu aliye mbali mara mbili au tatu ya hapo. Mrusho lazima utoke mara moja, uende chini kiasi cha mdakaji kuupata bila kuruka, na uangukie upande ambao mkimbiaji anaingilia, la sivyo mdakaji atalazimika kujinyoosha na muda umekwisha. Ukirusha juu sana mpira unachelewa. Ukirusha chini sana unadunda ovyo kwenye uwanja wa enzi zile, ambao haukuwa zulia. Makocha watakwambia umrushie mlinzi wa ndani aukatize na kuupeleka, na mara nyingi wana haki. Kuurusha moja kwa moja hadi nyumbani, ukapatia, mara tatu katika siku moja, maana yake mkono una nguvu na kichwa hakina papara.

Kuna jambo jingine linalonivutia na sikulitarajia. Mchezaji anayesikia huambiwa na wenzake: "Nyumbani! Nyumbani!" au "Ya pili!" Yaani mtu mwingine humwamulia aurushe wapi huku yeye akiokota mpira kisogo kikiwa kwa mkimbiaji. Hoy hakuwa na msaada huo. Ilimbidi aijue hali ya besi zote kabla mrusho haujatoka kwa mtupaji, awe ameshaamua mpira ukija hapa naurusha pale. Mchoraji ameipenda hii. Anataka kumchora Hoy mara mbili kwenye ukurasa mmoja: kabla mpira haujapigwa, akitazama mkimbiaji mmoja mmoja, na baadaye akirusha. Picha ya kwanza iwe kubwa kuliko ya pili. Nilidhani ingekuwa kinyume, lakini nikitazama rasimu yake ya penseli naona maana.

9 Machi

Ukurasa wa ishara. Nimeuandika upya kabisa.

Kisa kinavyosimuliwa: waamuzi wa besiboli hunyoosha mkono kuonyesha straiki kwa sababu ya Hoy, ambaye hakuweza kusikia miito yao. Kimesimuliwa miaka mingi na kinapendeza. Ugumu wake ni kwamba Hoy mwenyewe alieleza alichofanya, na alichokieleza ni kitu kingine. Alimwomba kocha aliyesimama karibu na besi ya tatu amwonyeshe: mkono wa kulia juu ni straiki, wa kushoto ni boli. Kwa mpangilio huo aliacha kugeuka nyuma, macho yakabaki mbele, na watupaji wa timu pinzani, huko Oshkosh na kwingineko, wakakosa mwanya wao.

Ukifikiri kidogo utaona kwamba maelezo hayo yanaizima hadithi ya mwamuzi. Kama mwamuzi angekuwa anaonyesha kwa mkono, kocha wa besi ya tatu angeonyesha ya nini?

Wapo na wengine wanaodai au kudaiwa. Ed Dundon, mtupaji kiziwi aliyesoma shule ileile ya Columbus na kuchezea timu ya Columbus 1883 na 1884, ndiye kiziwi wa kwanza katika ligi kuu. Mwaka 1886 huko Mobile, Alabama, aliwahi kuchezesha mechi akiwa mwamuzi na kutoa maamuzi kwa ishara. Mwamuzi Cy Rigler aliinua mkono wa kulia kwa straiki mwaka 1905 katika ligi ndogo huko Evansville, Indiana, ili watu walioketi mbali wajue kinachoendelea. Bill Klem, naye mwamuzi, ana bamba Cooperstown linalomtaja kuwa ndiye aliyeanzisha ishara hizo. Na Hoy alikuwa ameshaondoka ligi kuu 1902, kabla desturi haijaenea kwa waamuzi wa huko.

Maoni yangu ni kwamba Hoy na Dundon waliwaonyesha watu wengi, kwa miaka mingi, kwamba mchezo unaweza kuendeshwa kwa mikono, na wazo likawa hewani. Zaidi ya hapo siwezi kuliwekea muhuri. Kijitabu kitasema hivyo kwa sentensi mbili.

Mzee mmoja wa huku, mpenzi mkubwa wa besiboli aliyenisaidia kukagua kanuni za zamani, hakufurahi. Ananiambia bila hadithi ya waamuzi nitapoteza wasomaji. Nilimjibu, "Mzee wangu, yule mtu aliwaiba besi 82, nao wanataka zawadi nyingine?" Alicheka lakini hakukubali. Mchoraji naye yuko upande wangu kwa sababu yake mwenyewe: anasema hadithi ya waamuzi inamfanya Hoy mtu aliyefanyiwa jambo, na ya kocha wa besi ya tatu inamwonyesha mtu aliyepanga jambo. Ndiyo kauli ya mwisho, kwa mujibu wa makubaliano.

15 Machi

Jedwali la timu limekwisha, na nalipita haraka kama nitakavyomtaka msomaji alipite. Washington 1888 na 1889. Mwaka 1890 Buffalo, katika ligi ambayo wachezaji wenyewe waliianzisha kwa kuwaasi wamiliki. Ligi ilidumu msimu mmoja, Buffalo wakawa wa mwisho, na Connie Mack alikuwa naye tena huko. 1891 St. Louis chini ya Charles Comiskey. 1892 na 1893 Washington tena. Cincinnati 1894 hadi 1897. Louisville 1898 na 1899, pamoja na nyota Honus Wagner na Fred Clarke. Ligi ilipopunguza timu kutoka 12 hadi 8, Louisville ikafutwa, na Hoy akamfuata Comiskey Chicago. Mwaka 1901 ligi ya huko ikajitangaza kuwa kuu, Chicago wakawa mabingwa wake wa kwanza, na Hoy mwenye umri wa karibu miaka 39 akapiga mpira wa kutoka uwanjani besi zote zikiwa na watu, yaani alama nne kwa pigo moja, tarehe 1 Mei dhidi ya Detroit. Halafu Cincinnati 1902.

Ligi kuu nne tofauti. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1893, mtupaji alisogezwa nyuma kutoka futi 50 hadi futi 60 na inchi 6, na wapigaji wote walilazimika kujifunza upya muda wa kuzungusha gongo. Hoy alipita pande zote mbili za badiliko hilo bila kupotea. Na sehemu kubwa ya kufika kwake besi ya kwanza haikutokana na kupiga: zaidi ya mara 1,000 aliziachia boli zipite na kutembea bure. Jicho lile lile.

Mchoraji ameomba asichore sare zote hizo. Nimekubali. Tutachora nne.

23 Machi

16 Mei 1902, Cincinnati dhidi ya New York Giants. Mtupaji wa Giants ni Luther Taylor, kiziwi, aliyesoma shule ya viziwi ya Kansas. Mpigaji ni Hoy. Ni mara ya kwanza viziwi wawili kukutana hivyo katika ligi kuu. Hoy alipofika kwenye besi ya nyumbani alimwashiria Taylor kwamba amefurahi kumwona, kisha akapata mapigo mawili siku hiyo. Cincinnati walishinda 5 kwa 3.

Mchoraji amefanya ukurasa huu wa kwanza kwa rangi, bila maandishi kabisa. Mikono ya Hoy amenieleza aliipangaje: gongo limebanwa kwapani ili mikono iwe huru. Hakuna mahali niliposoma kwamba gongo lilikuwa kwapani, basi chini ya kijitabu tutasema michoro ni ya kubuni pale ambapo kumbukumbu hazisemi.

Suala la lakabu pia limeamuliwa leo. Kumbukumbu zote za besiboli zinamwita Dummy Hoy (neno la Kiingereza la "bubu", pia "mjinga"), kama zilivyomwita Dummy Taylor na viziwi wengine wa zama hizo. Leo ni tusi. Yeye aliitumia na hata kuwasahihisha waliomwita William. Itatajwa mara moja, kwenye ukurasa wa mwisho, ili anayetaka kumtafuta ampate. Kwingine kote ni Hoy.

30 Machi

Maisha baada ya mpira. Mwaka 1903 alicheza msimu mmoja wa mwisho Los Angeles, ligi ya pwani ya Pasifiki, timu ikatwaa ubingwa. Kisha akarudi Ohio kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Cincinnati, alilolishughulikia hadi 1924. Mkewe, Anna Maria Lowery, walioana 1898. Alikuwa kiziwi pia, mwalimu wa viziwi. Sam Crawford, aliyecheza naye Cincinnati, alikumbuka nyumba yao: mgeni alivuta kitasa mlangoni, na tufe la madini ya risasi likaanguka sakafuni. Mtikisiko ndio uliowaambia kuna mtu. Nimempa mchoraji nafasi ya nusu ukurasa. Ameniomba ukurasa mzima na mkato wa ukuta unaoonyesha tufe likishuka. Amepewa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Goodyear ilimweka Hoy kusimamia mamia ya wafanyakazi viziwi kule Akron. Nataka ukurasa huu usomwe na kila mwajiri wa Afrika Mashariki, lakini nimejizuia kuandika hivyo kijitabuni. Mwanawe Carson alikuja kuwa jaji. Mpwawe Paul Helms, waliyemlea, alianzisha kampuni ya mikate ya Helms huko Los Angeles.

Mwaka 1951 viziwi wanamichezo wa Marekani walimwingiza wa kwanza kabisa katika jumba lao la heshima. Cincinnati Reds walimwingiza katika la kwao 2003. Uwanja wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Gallaudet, chuo cha viziwi, una jina lake.

6 Aprili

Umebaki ukurasa wa 7 Oktoba 1961. Mechi ya tatu ya fainali ya besiboli, uwanja wa Crosley Field, Cincinnati, Reds dhidi ya Yankees. Hoy, miaka 99, aliurusha mpira wa ufunguzi. Reds walifungwa 3 kwa 2, Roger Maris akiwa amepiga mpira wa kutoka uwanjani katika awamu ya tisa. Hoy alifariki 15 Desemba mwaka huohuo, Cincinnati, akiwa ameishi muda mrefu kuliko mchezaji yeyote wa ligi kuu aliyemtangulia.

Tumebishana ukubwa wa mchoro. Kila mtu anayesikia habari za Hoy anataka kumwona mzee wa miaka 99 akirusha mpira, na mchoraji ndiyo maana hautaki mkubwa: mzee anayeheshimiwa ni rahisi kuchora, anasema, na wasomaji wetu watamkumbuka huyo wamsahau yule wa miaka 27. Robo ukurasa, basi, chini kulia, na maandishi juu yake.

Maandishi yote yamekwenda kwa msomaji wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, aangalie kama watoto wa darasa la sita watazielewa kanuni. Ameshanirudishia kurasa za mwanzo. Anataka mchoro wa mraba wa besi uje kabla ya Houcktown, na ataupata. Kurasa nne za 1889 zinakwenda kwa mpiga chapa kesho kwa majaribio ya rangi. Zikitoka giza, njia za mipira mitatu kwenda kwa Mack itabidi zichorwe upya kwa nyekundu.